Siku Kumi za Lango

Siku ya kwanza darasani, mke wangu alimfungia mwalimu wake nje. Hakukusudia. Aliingia wa mwisho, akakuta ufunguo umeachwa kwenye kitasa, na mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kwa miaka kumi na saba: ukavuta mlango, ukazungusha ufunguo mara mbili, ukautia mfukoni. Kisha akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, akafungua daftari jipya, akaandika tarehe. Mwalimu wao, daktari wa vitabu na si wa sindano, alikuwa ametoka kidogo kutafuta waya wa projekta. Aliporudi akagonga. Darasa zima likasikia sauti nzito, isiyo na haraka, ikitokea nyuma: "Nani? Jitambulishe."

Alinisimulia mwenyewe jioni ile akiwa amejifunika uso kwa mtandio. Mimi nilicheka mpaka nikaiweka randa chini. Tangu siku hiyo wanafunzi wenzake walimwita Lango, na jina likamganda, hata binti yetu hulitumia akitaka kumchokoza. Nami nitalitumia humu, kwa sababu linamfaa kuliko lile lililo kwenye kitambulisho chake.

Lango ni askari magereza. Anafanya kazi kwenye lango la gereza la mahabusu, watu ambao kesi zao bado hazijaamuliwa. Asubuhi anawahesabu wanaokwenda mahakamani, jioni anawahesabu wanaorudi, na wote anawaandika kwenye kitabu cha lango, kitabu kikubwa chenye jalada jekundu na pembe zilizolika. Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni, kwa hiyo hakuna jambo la nyumba hii linalonipita.

Tangazo la masomo alilikuta limebandikwa ukutani kwenye kantini ya askari, limefunikwa nusu na ratiba ya mpira. Shahada ya uzamili ya biashara, mchepuo wa haki jinai, masomo kila Jumamosi kutwa. Alikuwa na shahada yake ya kwanza aliyoipata kwa kusoma jioni kabla hatujaoana, na ilikuwa imekaa kabatini miaka yote hiyo kama sahani za wageni. Akaja na lile tangazo karakana, amelichana lote na pini zake.

"Biashara na jela wapi na wapi?" nikamuuliza. Nakiri niliuliza kwa ukali. Nilikuwa na kabati la kumaliza na sipendi kusumbuliwa nikiwa napima.

"Jela inalisha watu mia sita kila siku," akasema. "Ina magari, ina stoo, ina ratiba, ina watumishi. Ingekuwa duka, ingeshafungwa zamani kwa jinsi tunavyoiendesha. Nataka kujua tunakosea wapi."

"Na umri huo?"

"Ng'ombe hazeeki maini, baba watoto."

Basi nikarudi kwenye kipimo changu. Mwanamke anayejua kunijibu kwa methali huku akiwa ameshika tangazo la kuchana, hakuna wa kumzuia.

Ninayetaka kumweleza ni yule Lango wa Jumamosi jioni. Siku nyingine zote alirudi nyumbani akiwa amechoka, anavua buti mlangoni na kukaa kimya nusu saa. Jumamosi alirudi mbio. Nilimsikia kutoka getini, anaongea peke yake. Hakungojea hata chai; alikuja moja kwa moja karakana, kwa sababu kila alichofundishwa alitaka kukijaribu, na biashara pekee iliyokuwa karibu ni ya kwangu.

"Kigoda hiki kina siku ngapi hapa?" akaniuliza Jumamosi moja, amesimama kando yangu na saa mkononi.

"Tisa."

"Umekifanyia kazi saa ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Kukata, kuranda, kuunga, msasa, vanishi. "Saa tano. Tano na nusu."

"Siku tisa, kazi saa tano. Siku zilizobaki kilikuwa kinafanya nini?"

"Gundi inakauka," nikasema, na nilikuwa nimeanza kukasirika.

"Gundi ni siku moja. Hizo nyingine?"

Kigoda kilikuwa kimekaa tu, kinanisubiri. Nilitaka kumwambia akafundishe jela yake, aniache na mbao zangu, lakini nilipomtazama nikaona ametulia ghafla, anakitazama kigoda kama anamtazama mtu anayemjua.

"Kuna baba mmoja kule gerezani kwetu ana miezi kumi na minne," akasema. "Sijui kesi yake imefanyiwa kazi saa ngapi."

Kuanzia hapo akajua ataandika nini kwenye tasnifu yake. Akapata kibali cha kukipitia kitabu cha lango cha miezi mitatu nyuma. Binti yetu akamwekea hesabu kwenye kompyuta, huku akilalamika kwamba mama anabonyeza vitufe kama anabonyeza kengele ya hatari. Yaliyotoka humo yalituacha midomo wazi. Katika kila watu arobaini na tano wanaokwenda mahakamani, kumi na saba walirudi bila kusikilizwa, na kila anayerudi hivyo hupangiwa tarehe nyingine baada ya wiki mbili. Akawauliza mmoja mmoja, na wengi walimpa jibu lile lile: hakimu aliniita, mimi bado niko ndani ya gari.

Gari lenyewe ni karandinga, lile lori la mahabusu lenye nondo madirishani na mlango mmoja tu, wa nyuma. Likifika mahakamani watu hushuka wawili wawili, wanapekuliwa, hati zao zinakaguliwa mezani. Jozi moja dakika tatu, nyingine nne. Hadi ya mwisho ishuke, saa nzima na zaidi imeshapita. Wakati huo hakimu wa chumba cha kwanza ameanza saa tatu kamili na hana subira. Wa chumba cha pili anaanza saa nne, wa tatu saa tano. Gerezani nao walikuwa wakipakia kwa mabweni, bweni baada ya bweni, kama walivyopakia tangu karandinga la kwanza liletwe. Mtu wa chumba cha kwanza akiwa wa bweni linaloingia kwanza, basi amekaa ndani kabisa ya gari, anasikia jina lake likiitwa huko nje na hana la kufanya.

Lango alinieleza haya yote nikiwa napakia viti kwenye mkokoteni kuwapelekea wateja watatu. Nikamwambia bila hata kugeuka, "Sasa hapo kuna elimu gani? Cha kushuka kwanza kinapakiwa mwisho. Ukimpakia mteja wa karibu chini kabisa, utashusha mali ya watu wote barabarani."

Nilipogeuka, alikuwa anaandika kwenye kiganja cha mkono.

Kupata ruhusa ya kujaribu kulikuwa na kazi yake. Mkuu wa gereza ni mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yake ni "hapana". Lango alipeleka barua mara tatu. Mara ya nne akaenda mwenyewe, na sanduku la vipande vya mbao nilivyomkatia, vyekundu, vya kijani na vyeupe, akampangia mezani chumba cha kwanza, cha pili na cha tatu. Mkuu akavitazama muda mrefu.

"Siku kumi za mahakama," akasema. "Ya kumi na moja tunarudi kama zamani."

Na huku chuoni daktari wake alikuwa amemwambia wazi: bila matokeo ya jaribio, hakuna kutetea tasnifu mwaka huu. Mwaka ujao nao haukuwapo. Ruhusa yake ya Jumamosi ilikuwa inaisha Desemba, zamu mpya zilishapangwa, na Jumamosi zake zote zilikuwa zimeandikwa lango. Siku kumi zile zilikuwa ndizo masomo yote ya miaka miwili.

Asubuhi ya siku ya kwanza aliondoka nyumbani anaimba. Alirudi jioni anaburuta buti.

"Wangapi?" nikamuuliza.

"Ishirini na tano."

"Waliosikilizwa?"

"Waliorudi."

Kutoka kumi na saba hadi ishirini na tano. Nilidhani amekosea, lakini Lango hakosei kuhesabu. Alikuwa amewapanga vizuri, akasema, chumba cha tatu mbele ya mstari, waingie garini kwanza, cha kwanza nyuma kabisa, waingie mwisho. Amewahesabu, amewaruhusu, wametoka. Bila shaka kosa ni la dereva. Siku ya pili akamvaa dereva asubuhi na mapema, akamwambia asimchanganyie watu wake.

"Mama, mimi kazi yangu usukani," dereva akamjibu. "Nyuma kule naona kwa kioo tu. Wanaingia kama unavyowatoa."

Siku ya pili walirudi ishirini na saba. Askari wenzake walianza kumpokea kwa salamu za "shikamoo msomi". Chumba cha kwanza kilikuwa hakijapata hata mtu mmoja kwa wakati, na hakimu wake alikuwa ametuma karani kuuliza gerezani kuna nini.

Siku hiyo ya pili alitoka kazini saa kumi na moja, akaja karakana, akakaa juu ya kile kigoda. Hakulia, Lango halii. Alisema tu, "Nimewaongezea wiki mbili watu ambao wangesikilizwa leo. Kwa mikono yangu. Kwa sababu nataka cheti."

Mimi sina maneno ya kumbembeleza mtu. Nikafagia vumbi la mbao mezani, nikamletea lile sanduku la vipande. "Nionyeshe," nikamwambia. "Unavyofanya pale langoni. Usinieleze, fanya."

Akapanga vyeupe mbele, vya kijani katikati, vyekundu nyuma, wawili wawili. "Wanachuchumaa hivi," akasema. "Natembea kutoka mbele nahesabu." Kidole chake kikapita juu ya vipande, midomo inacheza: wawili, wanne, sita, wanane, mpaka arobaini na sita, akafika mwisho wa mstari. Hapo sauti yake ya kazi ikatoka yenyewe, nzito, ikajaza karakana. "Wa nyuma, juu!" Na mkono wake ukachukua vipande viwili vyekundu vya nyuma kabisa, ukavipeleka garini kwanza.

Tukavitazama vile vipande viwili vyekundu, vimekaa peke yao ndani kabisa ya kisanduku tulichokifanya karandinga.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Mkono ukafanya vile vile. Ndivyo wanavyofanya askari wote wa lango, akanieleza baadaye. Ukimaliza kuhesabu umefika nyuma, basi unawainua walio karibu nawe, wapite mbele ya macho yako, na waliobaki bado unawaona. Amesema maneno hayo asubuhi kwa asubuhi miaka kumi na saba. Alikuwa ameugeuza mpango wa gereza zima, akausomea, akauandikia kurasa themanini, kisha kila asubuhi akaupindua yeye mwenyewe kwa maneno matatu ambayo hakuyasikia tena.

"Nyani haoni kundule," akasema polepole. Halafu akaanza kucheka, na kicheko chake kikamwangusha kutoka kwenye kigoda, kweli kabisa, akakaa chini kwenye takataka za randa na sare yake ya kazi. Binti yetu alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimejikata.

"Mtu mzima na shahada moja na nusu!" Lango akasema, anafuta machozi. "Nimemgombeza dereva wa watu bure."

Tulikuwa na furaha ya ajabu jioni ile, ingawa hakuna kilichokuwa kimefanikiwa bado. Alifanya mazoezi ya kusema "Wa mbele, juu" mpaka jirani akauliza kuna nini. Mara tatu katika kumi ulimi ulimteleza. Akaandika maneno hayo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ndani ya jalada la kitabu cha lango, pale jicho litakapogonga baada ya kuhesabu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, simu yangu ililia. Sikusikia salamu.

"Chumba cha kwanza wote wamepata," akasema. "Wote kumi na mmoja. Karani amenipigia."

Walirudi sita tu bila kusikilizwa. Siku ya nne watano. Siku ya tano gari liliharibika njiani na walirudi kumi na wanne, na Lango hakutia chai mdomoni jioni hiyo, lakini siku ya sita walikuwa wanne na mambo yakashika njia. Nilianza kuacha kazi saa kumi jioni kwenda kumsubiri getini, mimi ambaye siachi kazi hata kwa mgeni. Kila siku aliinua vidole kutoka mbali kuonyesha idadi. Siku ya nane aliinua vitatu. Siku ya kumi aliinua kimoja, akakitazama mwenyewe kama haamini ni chake.

Siku ya kumi na moja alikwenda kazini ameshakubali kwamba ruhusa imekwisha. Akawapanga mahabusu kwa mabweni kama zamani. Mkuu wa gereza alikuwa amesimama pale langoni, mikono nyuma.

"Nini hii?" akamuuliza.

"Afande, ulisema ya kumi na moja tunarudi kama zamani."

"Panga kwa vyumba," mkuu akasema. "Watu watachelewa."

Baada ya hapo ilibaki kutetea. Tulikwenda chuoni wawili, mimi nimevaa shati la harusi za watu, yeye amevaa gauni la bluu ambalo alilinunua kisha akaliogopa. Mimi sikuruhusiwa ndani. Nilikaa kwenye benchi la korido, benchi baya, miguu haijaungwa vizuri, na moyo wangu ulikuwa unadunda kama ni mimi ninayepimwa. Lango aliingia akiwa na sanduku la vipande kwapani. Nilijiandaa kusikia ukimya tu, lakini baada ya muda nikagundua nasikia kila neno.

Aliwaeleza vizuri. Kigoda kiliingia humo, mkokoteni wangu pia. Aliposimulia "Wa nyuma, juu" na siku zake mbili za aibu, nilisikia watu wazima wakicheka, lakini cheko la kupenda. Hakuficha kwamba watu walirudi kwa kosa lake. Alitaja idadi yao, na akasema siku gani kila mmoja wao alisikilizwa baadaye.

Kisha sauti moja ya mama mtu mzima, mtahini aliyetoka chuo kingine, ikauliza, "Kazi nzuri. Lakini hii ni shahada ya biashara. Faida iko wapi?"

Nikashika ukingo wa benchi.

"Mama," Lango akasema, "kwa miaka kumi na saba, hesabu ikipungua jioni, nafunga lango na kuanza upya. Kwetu sisi hesabu pungufu ni king'ora. Siku ya tisa walitoka arobaini na nne, wakarudi thelathini na sita. Nikahesabu mara tatu. Wanane hawapo, na hati zao za kuachiwa ninazo mkononi. Wengine wamepata dhamana, wengine kesi zimefutwa, kwa sababu walikuwepo walipoitwa. Mmoja wao ni yule baba wa miezi kumi na minne. Nilimuuliza karani kesi yake ilichukua muda gani. Dakika ishirini na tano. Nimeifunga ile hesabu pungufu nikiwa nacheka, na sijawahi. Kama kwenye vitabu faida hiyo ina jina lingine, bado sijafika ukurasa huo."

Kiti kimoja kikasogea. Halafu yule mama akasema kwamba yeye hana swali jingine, na daktari wa Lango akasema naye hana. Akaombwa atoke kidogo, lakini hakupata hata kukaa kwenye benchi. Alikuwa bado hajamaliza hatua ya tatu walipomwita arudi. Amefaulu, wakasema, arekebishe majedwali mawili na jina la kiambatisho. Mimi nililia pale pale kwenye korido, na sioni haya kusema.

Alitoka amebeba sanduku kwa mikono miwili. Akayaona macho yangu, akaanza kuuliza nimejuaje, kisha akageuka kutazama alikotoka. Mlango ulikuwa wazi kabisa, umeegemea ukuta, ufunguo unaning'inia kwenye kitasa.

"Ulikuwa hivyo muda wote?" akaniuliza.

"Tangu ulipoingia."

Akausogelea, akaugusa ufunguo kwa kidole kimoja, akauacha. "Nilisahau kuufunga," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejishangaa. Kisha akanipa sanduku nimbebee, tukashuka ngazi.